Rufaa ya Gaju

Mama Feza alinivutia kiti cha plastiki katikati ya sebule yake, mtaa wa Mapendo, akakipangusa kwa upindo wa kitenge ingawa hakikuwa na vumbi, akasema, "Ikala, Jaji." Wiki hiyo nilikuwa nimeapishwa kuwa rais wa tribinali yetu hapa Goma, na tangu siku ile kila mtu ananiita kwa cheo, mpaka muuza makaa wa njiani, lakini hakuna mdomo uliolitamka neno hilo likanikolea kama mdomo wa bibi huyu asiye na meno ya mbele. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Vita vilitutawanya, vikaturudisha, vikatutawanya tena, na katikati ya hayo niliwahi kuambiwa kwamba amekufa, nikamlilia kweli, kumbe yuko mzima anafuga kuku. Mjukuu wake alileta dagaa wa kukaanga tunaowaita sambaza, bugali, na bilauri kubwa ya mashanza, yale maziwa yaliyoganda hadi yanakatika kwa kijiko. Mama Feza hakula, alinitazama tu nikila. "Wanasema munavalaka nguo nyeusi na kitu nyeupe hapa kwa shingo," akasema. Nikamjibu ndiyo. "Mimi nilihukumu na kitenge. Na kitenge yenyewe ilikuwa na tundu." Tukacheka hadi mjukuu akatoka jikoni kuja kututazama. Mtoto yule hakujua bibi yake alipata kuwa jaji, na hapo ndipo nilipoona kwamba mwaka ule lazima niuandike. Tunaokumbuka kwamba kambi ya Kanyaruchinya iliwahi kuwa na mahakama iliyoigwa kutoka Amerika tumebaki wachache.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mlima wetu wote wa Ruvumu, huko Masisi, ulishuka kwa miguu kukimbia risasi, milima mingine nayo ikashuka, na sote tukamwagika Kanyaruchinya, juu ya mawe meusi ya volkano yasiyokubali hata kigingi. Tulipogawiwa plastiki za kujengea, hakuna aliyetuambia tupangane vipi. Tulijipanga wenyewe kama tulivyokuwa nyumbani, kila mlima na bloki yake, na kila bloki ikawa na wazee wake wa kuamua ugomvi wa maji, wa kuni, wa wanawake na waume zao. Mama yangu alikuwa mjane tangu kabla ya vita. Alichoshuka nacho kilikuwa mimi, wadogo zangu, sufuria, na Gaju. Gaju alikuwa ng'ombe wa rangi ya udongo mbichi, mwenye pembe moja iliyoinama kana kwamba anasikiliza jambo. Asubuhi mama alimkamua, mimi nikateremka na maziwa mpaka Birere, mtaa wa soko mjini Goma, nikapenya katikati ya wenye mikokoteni na wabadilisha pesa, nikarudi na unga, maharagi na chumvi. Daftari zangu za shule zilitoka chini ya ng'ombe yule. Chakula, nguo na dawa pia. Tungempoteza Gaju, tungebaki na sufuria tupu.

Siku moja nilirudi kutoka Birere nikamkuta mama amekaa juu ya jiwe, ameshika kamba isiyo na ng'ombe. Muzee Mateso wa bloki ya Kashwiga alikuwa amepita malishoni na watu wake, akaitambua ile pembe, akamchukua. Mateso hakuwa mwizi, na hilo nilisema hata siku zile nilipokuwa ninamchukia. Alikuwa mtu wa ng'ombe wengi, vita vikamwachia fimbo tu mkononi, na Gaju alikuwa kweli amezaliwa katika boma lake. Baba yangu ndiye aliyempata kutoka kwake. Swali lilikuwa: alimpata vipi? Kwetu milimani ng'ombe hutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine kwa njia mbili. Unaweza kumchungisha mwenzako: yeye anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wako na ndama wote ni wako. Au unaweza kumgabira, yaani kumpa kwa urafiki, na hapo ng'ombe ni wake kabisa, ila siku moja lazima akurudishie ndama jike mmoja wa shukrani, anayeletwa kwa nyimbo na pombe. Ndama huyo tunamwita wa kwitura. Mama alijua kwamba Gaju alikuwa wa kugabira, maana baba alipeleka kwitura Kashwiga, akarudi analoa mvua na kuimba. Lakini baba alikuwa kaburini, na wanaume aliokwenda nao walikuwa wamekufa au wamepotelea porini. Mateso alisema yeye mwenyewe ndiye aliyetuma mtu kwetu amchukue ndama yule, kwa kuwa alikuwa mali yake.

Kwa kuwa Gaju alikuwa sasa Kashwiga, wazee wa Kashwiga ndio waliohukumu, ndani ya hema la Mateso mwenyewe, wanaume peke yao. Waswahili wanasema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Sisi tulimpelekea, maana hatukuwa na mwingine. Mkubwa wao alikuwa Muzee Ndoole, shemeji yake Mateso, mtu mrefu mkavu ambaye hata salamu alikuwa akiitoa kama amri. Nilisimama nyuma ya mama nikasikia yote.

"Mama, ujibu tu," Ndoole akasema. "Ng'ombe ilitoka kwa nani?"

"Ilitoka kwa Muzee Mateso. Lakini, muzee, mume wangu alipeleka..."

"Ilitoka kwa Mateso. Wewe mwenyewe umesema. Imekwisha."

Ikawa imekwisha kweli. Mama hakupata hata kulitaja lile neno kwitura. Tulirudi tukala viazi vitamu bila chumvi, na mdogo wangu wa mwisho akauliza maziwa yako wapi. Nimesoma hukumu nyingi mbaya tangu hapo, nyingine zimeandikwa vizuri sana, lakini sijapata kuona iliyo fupi kuliko ile.

Sasa niseme habari za mwalimu wetu, Papa Desideri. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki wa kupiga pasi hata mashati yaliyochanika, na alipanga chumba Birere. Aliwahi kusoma sheria, lakini chuo kilifungwa kwa ajili ya vita kabla hajafika mbali, na kozi pekee aliyoimaliza, akafanya mtihani na kufaulu, ilikuwa ya mahakama za Amerika. Sheria ya kwetu hakuifikia. Basi alipojitolea kuja kutufundisha kambini, chini ya plastiki iliyokuwa kanisa siku ya Jumapili na shule siku nyingine, alitufundisha kile alichokijua mpaka mwisho. Hebu fikiria: watoto wa Masisi, miguu wazi juu ya mawe ya volkano, tukiimba kwa sauti kwamba kila jimbo la Amerika lina mahakama zake, ndogo za ugomvi mdogo, za juu yake, za rufaa, na moja ya mwisho, na kwamba kando ya hizo kuna mahakama za taifa lote, za federali, nazo zina ngazi zake, na kileleni kabisa wamekaa majaji tisa. Plastiki haina siri. Watu wazima waliokuwa wakimenya viazi nje waliingia kwenye somo bila kualikwa. Papa Desideri aliposema kwamba katika majimbo mengi jaji wa jimbo anaomba kura kwa wananchi kama mbunge, nje palilipuka kicheko. "Jaji anaomba kura? Na mwenye hakumupigia, atamuhukumu namna gani?" Aliposema wa federali anachaguliwa na rais, baraza la senati likamkubali, kisha hatoki tena kitini hadi afe au aache mwenyewe, isipokuwa akitenda uovu mkubwa, sauti ya mzee mmoja ikasema, "Hiyo sasa ni mufalme," na nyingine ikamjibu, "Hapana, ni mutu mwenye haogope."

Mama yangu alikuwa miongoni mwa hao wa nje. Siku mbili tatu baada ya hukumu ya Ndoole aliingiza kichwa darasani, kisu cha kumenyea mkononi, mimi nikatamani ardhi inimeze. "Profesa," akasema, "kule Amerika, mutu wa jimbo moja akigombana na mutu wa jimbo ingine, wanahukumiwa kwa nani? Kwa wandugu ya nani?" Papa Desideri aliweka chaki chini. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeulizwa hatimaye swali la mtihani wake. Akasema hilo ndilo, mama, hilo hasa: waliotunga sheria kule waliogopa kwamba mahakama ya jimbo itambeba mtoto wa nyumbani, kwa hiyo kama jambo ni zito, mgeni anaweza kupelekwa mbele ya jaji wa federali, asiye wa upande huu wala ule. Mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi na sisi tutafute huyo," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Watu hudhani mama zetu walikuwa wanyonge. Mama yangu alizunguka kambi nzima, bloki baada ya bloki, mtoto mgongoni, na hakwenda kulia habari za Gaju. Aliuliza swali moja tu: nani hapa amehukumiwa na wandugu wa mwenzake? Kumbe wote. Wazee wetu wa Ruvumu nao hawakuwa malaika. Walikuwa wamemnyang'anya mwanamke wa Kashwiga mlango wa mbao aliobeba kichwani kutoka nyumbani kwake, wakampa mtu wetu, na Kashwiga walikuwa bado wana uchungu na mlango ule. Kila bloki ilikuwa na mlango wake. Hivyo wakuu wa bloki walikubaliana: kila mlima utoe jaji mmoja, mwanamume au mwanamke, ugomvi wa milima miwili utasikilizwa na majaji watatu, mmoja wa kila upande na wa tatu wa kwingine, na hakuna atakayemwondoa jaji hadi kambi ivunjike. Papa Desideri aliiita Mahakama ya Federali, na kwa jina hilo nusura tuangamie. Mkuu wa usalama alikuja mbio na askari akiuliza nani anataka federali hapa, nani anataka kugawa nchi, na mwalimu wetu akajikuta anaeleza katiba ya Amerika huku amekalishwa chini juani. Walipomwachilia, alipangusa suruali yake akasema tutaiita Mahakama ya Juu. Chini chini watu waliendelea kusema federali, kwa raha zaidi kuliko mwanzo.

Kesi yetu ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, jua kali, na plastiki ya kanisa ilikuwa imepandishwa pande zote ili watu waone. Majaji waliketi kwenye benchi la wanafunzi. Katikati alikuwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka upande wa Lubero, ambaye hakuwa na mlima wowote kati ya yetu. Kulia alikaa katekista wetu wa Ruvumu. Kushoto, kwa Kashwiga, alikaa Mama Feza, mjane aliyejenga pembeni kabisa mwa kambi, ambaye wanawake wa kwake walimchagua kwa sababu, walisema, haogopi shemeji ya mtu. Sisi hatukumjua. Niliona tu kitenge chake chenye tundu na macho yanayokukazia, nikafikiri, huyu ni wao, tumekwisha. Nilijua kwamba jioni tungekuwa na Gaju au tusingekuwa na kitu.

Safari hii mama aliachwa aseme. Alieleza kugabira, alieleza kwitura, akafika kwenye siku baba alipopeleka ndama. "Alirudi na mvua mwili wote," akasema, "akaniambia ndama ilikataa kuingia lupango, boma ya Muzee Mateso. Wanaume wakavuta, wakasukuma, haikutaka. Njo mwanamuke moja wa kule akavua kitenge yake, akafunika ndama macho, ikaingia polepole. Mume wangu alicheka ile siku, alicheka, hakunyamaza." Katika kusanyiko watu walitabasamu, kisha wakaanza kugeuza shingo mmoja mmoja, maana pale kwenye benchi Mama Feza alikuwa amesimama.

"Prezida," alimwambia Papa Kasereka, "ile kitenge ilikuwa yangu."

Papa Desideri aliinuka akasema kwamba jaji hawezi kuwa shahidi katika kesi anayoihukumu. Kule Amerika angeondoka kitini. Mama Feza hakungoja amalize. Alitoka kwenye benchi, akazunguka, akaja kusimama upande wetu, mahali pa mashahidi, mbele ya mlima wake wote. Aliwageukia watu wa Kashwiga kwanza. "Mutanichukia," akawaambia. "Munichukie." Kisha akasema aliyoyaona: ndama aliletwa kwa nyimbo, watu wa Ruvumu walikuja na mitungi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, yeye mwenyewe akasaidia kuimimina, na hakuna mtu anayeletewa pombe kwa ng'ombe aliye wake tayari.

Mateso alisimama, fimbo mkononi. Alisema neno la haki, na ndiyo maana ninalikumbuka. "Mulisema kila mulima itakuwa na jaji. Sasa Kashwiga haina. Benchi imebakia ya Ruvumu na ya vitunguu. Hiyo njo federali yenu?" Watu wake wakapiga kelele, na walikuwa na haki ya kupiga. Papa Kasereka alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama chini. Kozi yake haikufika hapo. Ndipo mama yangu aliposema, "Achague jaji ingine. Yeye mwenyewe. Mutu yeyote wa kwake." Nilimfinya mkono kwa nguvu zangu zote. Papa Desideri alinong'ona kwamba kule Amerika mwenye kesi hachagui jaji wake. "Amerika iko mbali," mama akamjibu, bila kumwangalia.

Mateso akamchagua Muzee Ndoole.

Nililia pale pale, bila kujificha. Ndoole alikwenda akakaa mahali palipoachwa na Mama Feza, magoti yake marefu yakigonga benchi. Hakumuuliza mama chochote. Hakumuuliza Mama Feza chochote. Alimtazama mume wa dada yake muda mrefu, na nikaona kitu kikibadilika katika uso ule mkavu. Siku ile katika hema alikuwa anaongea ndani ya nyumba ya ndugu yake. Sasa kambi nzima ilikuwa inamtazama, milima yote, na mwanamke aliyedhulumiwa alikuwa amemwachia kiti kwa hiari. Nafikiri hakuna aliyewahi kumwamini kwa kiasi hicho.

"Shemeji," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa ya amri. "Ile siku ya mvua. Ile kasiksi. Ulikunywa?"

Mateso alitazama fimbo yake. Angeweza kukana. Mashahidi wengine walikuwa wamekufa au wamepotea, na ingekuwa neno lake dhidi ya neno la mjane mmoja. Lakini mtu wa ng'ombe hawezi kuikana pombe ya kwitura mbele ya watu. Ni kama kuwakana wafu aliokunywa nao.

"Nilikunywa," akasema.

"Basi ng'ombe ni ya mama," Ndoole akasema, na Papa Kasereka na katekista wakasema vivyo hivyo, lakini nani aliwasikia? Vigelegele vilikuwa vimeshaanza, na vilianzia kwa wanawake wa Kashwiga. Nilikimbia kumchukua Gaju mwenyewe. Nilipita naye katikati ya bloki yao, kamba mkononi, kichwa juu, na watu wakatupisha njia kana kwamba tunatoka harusini. Wiki chache baadaye yule mwanamke naye alirudishiwa mlango wake, na katekista wetu alipiga kura ya kumrudishia. Papa Desideri alinyoosha shati lake akatangaza kwamba hata Amerika hawakuanza vizuri hivyo.

Mvua za mwaka ule hazijaisha Gaju akazaa jike. Mama alimtazama yule ndama siku kadhaa, kisha akaniambia tumpelekee Mateso. Nilidhani amerukwa na akili. "Mutu ya ng'ombe bila ng'ombe anakufa," akasema. "Na alisema ukweli wakati uongo ilikuwa rahisi." Tukamgabira. Mateso alipokea huku machozi yanamtiririka ndevuni, kasiksi ikaletwa, Mama Feza akamimina, na mama yangu akasimama katikati akahakikisha kila mtu ana kikombe, Ndoole, mwalimu, hata yule mkuu wa usalama aliyepita kuuliza kelele ni za nini. "Mukunywe wote," akawa anasema. "Mutu asibakie. Siku moja watawauliza."

Amani fupi ilipokuja na watu wakapanda tena milimani, Mateso hakusahau. Alituletea ndama wa kwitura kwa nyimbo, hadi mlangoni, na uzao wa ndama huyo ndio ulionisomesha sheria, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikavaa hiyo nguo nyeusi anayoicheka Mama Feza. Nimeinuka kitini kwangu mara kadhaa, aliposimama mbele yangu mtu wa Ruvumu ninayemjua, nikampisha mwenzangu ahukumu. Wengine huniona ninajidai. Kila mara nikiinuka, naliona lile benchi la wanafunzi na kile kitenge.

Mchana ulikuwa umekwenda pale Mapendo. Niliposhika mkoba wangu kuaga, Mama Feza aliinyanyua bilauri yangu, akaona mashanza yamebaki chini, akanirudishia mkononi kwa jicho lile lile la benchini.

"Malizia, Jaji. Watauliza kama ulifika kwa Feza."

"Watauliza nini, mama?"

"Si unajua vile wanaulizaka."

Nikainua bilauri, nikainywa mpaka tone la mwisho, nikaiinamisha mbele ya mjukuu wake ili naye aone.

"Nilikunywa," nikasema.